Kitanga cha Majani Makavu

Kindu, 8 Septemba 2002

Shemeji Hamadi,

Salaam aleikum, salaam nyingi sawa samaki wa Lualaba wakati maji yanashuka. Sisi huku tunapumua. Wewe unapumua? Kifua, tumbo, miguu, yote iko mahali pake? Kama ndiyo, alhamdulillahi. Basi tafuta kiti ukae, kwa sababu nitaanza kujisifu na sitaki uanguke mbele ya watu wa Kigoma.

Hamadi, mimi Safi binti Bulaimu, Mungu alinipaka bahati kwenye mikono. Wengine aliwapaka uzuri, angalia mudogo wangu Rachida uliyemuoa. Wengine aliwapaka mali. Mimi alinipaka bahati mpaka kwenye kiwiko. Miaka kumi na tano nakalisha wanawake kwenye mukeka wangu, na kila mama aliyekaa alisimama kwa miguu yake. Kila mama! Uliza Kasuku, uliza Mikelenge, vuka maji uulize Alunguli, kama askari watakuacha uvuke. Masista walinisomesha mpaka mwaka wa ine, wakasema mudomo wangu ni mukubwa kuliko kichwa. Haya, leo wanafunzi wao wenye diploma wanakuja kuzalia kwangu. Na usifikiri mimi ni muntu wa kijiji: nimefika Bujumbura, nimelala Kigoma siku tatu wakati wewe hujajua Kigoma inaangalia upande gani.

Sasa habari unayoitafuta. Rachida iko muzima. Tumbo limekuwa duara sawa sufuria ya karamu, na mutoto anapiga mateke sana, nafikiri ni mukali wa kucheza mpira. Nimehesabu: atazaa katikati ya mwezi wa kumi. Muzee wa musikiti ameshamuandikia kombe, amekunywa, sura imetulia.

Muji ndio umefungwa. Mai-Mai wako porini, askari wako mujini, na sisi tuko katikati sawa nyama ya sambusa. Chumvi tunailamba kwa heshima. Wanawake wanaokwenda kutafuta mihogo shambani wanarudi wameumizwa, kwa namna ambayo siwezi kumuandikia mwanaume. Wanakuja kwangu. Nawakalisha juu ya maji ya moto ya majani, nawakanda mugongo, siwaulizi kitu. Wanalia, na mimi natia muzaha mpaka mumoja acheke. Akicheka mumoja, najua kesho wawili watakula.

Rachida anasema nimupeleke kwa Florentin, yule enfirmie wa kituo cha afya, rafiki yako, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nikamuambia: atakupima na nini? Dawa ziliisha, amebaki na kinga yake ya magurudumu mawili na koti jeupe. Mimi niko na majani ya kuita mutoto. Ndiyo, yanaota ngambo, njia ya Kailo, na leo hakuna wa kuvuka. Lakini mimi si mujinga. Niliyakausha kwenye moshi wa jiko tangu mwezi wa sita. Nimeyatundika juu ya mafiga, meusi, yananukia. Wakunga wengine wanalia hawana dawa, mimi nacheka.

Barua hii inabebwa na Soudi, anapanda ndege ya mizigo mpaka Bukavu. Umujibu na yeye. Na ulale usingizi.

Mimi shemeji yako mwenye bahati,
Safi


Kigoma, 2 Oktoba 2002

Dada Safi,

Wa aleikum salaam. Soudi amefika salama na barua yako, nimeisoma mara tatu, mara ya tatu niliwasomea mafundi wenzangu wakacheka mpaka mashine zikasimama. Mimi sijambo, ila moyo ndio mgonjwa. Nilipoondoka mwezi wa nne nilimwambia Rachida wiki sita. Sasa njia zote zimekatika, nashona sare za shule za watoto wa watu, na wangu atazaliwa bila baba mlangoni.

Nina neno moja la fundi, usinicheke. Nilimshonea Rachida gauni la harusi kwa mikono yangu. Nyonga zake nilizipima kwa utepe mara tatu nikidhani nimekosea, ni ndogo kama za msichana wa miaka kumi na miwili. Mtoto akiwa mkubwa, atapita wapi? Ndiyo maana nasema, Florentin awe karibu. Tumekua pamoja, tumechezea timu moja, akisikia ni mke wangu atakuja hata kwa mguu mmoja.

Lakini wewe ni mkunga, mimi ni fundi wa nguo. Kama kila mama aliyekaa alisimama, basi Rachida naye akae kwako. Nakukabidhi, dada. Nimempa Soudi kitenge na chumvi. Mwambie Rachida kitenge ni cha kumbebea mtoto, siyo cha kumpa dada yake mwenye mdomo.

Ndugu yako,
Hamadi


Kindu, 30 Novemba 2002

Shemeji Hamadi,

Salaam. Kaa chini.

Rachida ametutoka tarehe kumi na tisa ya mwezi wa kumi. Inna lillahi. Tulimuzika siku ile ile. Mutoto iko hai, ni binti, nimemupa jina Sifa kama Rachida alivyotaka. Ananyonya kwa jirani aliyejifungua wiki ile ile.

Kulikuwa na risasi. Damu ilitoka nyingi. Tulimuita Florentin, tukagonga mulango wake, hakufungua. Aliogopa.

Kitenge kilifika. Nimemufunga nacho Sifa.

Shemeji yako,
Safi


Kigoma, 14 Agosti 2003

Dada Safi,

Nashukuru Mungu unaendelea vizuri. Mama yangu amerudi salama na Sifa. Ana miezi kumi, amenikataa siku mbili, siku ya tatu akanishika pua. Mama anasema ulilia bandarini mpaka watu wakadhani umefiwa upya. Usilie. Ulimtoa mtoto katikati ya risasi, hilo sitalisahau mpaka nifukiwe.

Ila Florentin sitaki kumsikia. Nimeyakata majina yetu kwenye ile picha ya timu. Na neno hili ulitunze: mtu wangu yeyote hatalala tena mbele ya mtu mwenye koti jeupe. Wao wanachagua mlango wa kufungua. Heri mikono yako.

Ndugu yako,
Hamadi


Kigoma, 12 Februari 2024

Dada Safi,

Assalaam aleikum, na heri ya mwaka ambao tayari umechakaa. Nimekusikia kwenye simu Ijumaa, sauti yako bado inapasua sikio, kwa hiyo sikuulizi afya. Mimi macho yameanza kukataa sindano, mengine mazima.

Leo nakuandikia kwa kalamu kama zamani, maana haya si maneno ya simu. Simu yako inashikwa na kila mjukuu wa mtaa. Soudi anakuja huko kununua mawese. Mzee yule hafi wala hachoki.

Sifa ana mimba ya miezi saba. Mumewe Abdoul ni kijana mzuri, anafanya kazi bandarini, ila ni mwoga. Alimpeleka hospitali bila kuniambia. Daktari akampima akasema nyonga ni ndogo, mtoto ni mkubwa, hatapita njia ya kawaida, itabidi kisu. Kisu, dada! Sifa amerudi analia. Nikawaambia: binti yangu hatapasuliwa kama samaki na watu ambao mwenzao aligongewa mlango kwa ajili ya mama yake asifungue. Abdoul ameinamisha kichwa. Sifa amesema, "Baba, nitafanya unavyotaka." Hana mama wa kumsemea, unajua.

Basi naomba. Njoo ukiweza. Kama huwezi, miguu yako najua, mpe Soudi yale majani ya kuita mtoto. Yakiwa makavu ni vizuri zaidi, hayaozi njiani. Hapa kuna mkunga mzee, atamnywesha. Majani yaliyomleta Sifa ndiyo yamlete na mwanawe. Siku zake ni katikati ya mwezi wa nne.

Nakukabidhi na huyu.

Ndugu yako,
Hamadi


Kindu, 3 Machi 2024

Shemeji wangu Hamadi,

Salaam, salaam mpaka kwenye kope za macho yako mabovu. Kiswahili chako kimekuwa cha redio, nilitafuta muntu wa kunifasiria. Mimi ni muzima, shinikizo la damu tu, na huo ni ugonjwa wa watu wakubwa. Nilipita Dubai mwaka ule na mama wa bitenge, sijakuambia? Sikutoka uwanja wa ndege, lakini nilinawa uso na maji ya Dubai.

Sifa na mimba! Nimepiga kigelegele, mbuzi wa jirani akakimbia.

Sasa mambo ya majani. Hamadi, ile miti imekatwa. Watu wamelima mpaka karibu na Kailo, pori limerudi nyuma, hata nyani wanauliza njia. Na miguu yangu haivuki tena maji. Na wakunga wa siku hizi hatukalishi watu nyumbani, tumekatazwa, mimi ni wa kusindikiza tu: nawashika mukono mpaka materniti, nawakanda, nawaimbia, nawapikia uji wa mama muzazi. Wananiita mama musindikizaji, nimepewa mpaka mwavuli.

Kwa hiyo sikiliza dada yako mara moja bila kubisha. Wewe ni fundi. Nguo ikiwa inabana, unamuvuta muntu apite kwa nguvu, ao unakata muistari mumoja ukashona vizuri? Munganga wa hospitali naye ni fundi. Nimewaona wanawake wengi waliopasuliwa, wanabeba maji kichwani na wanagombana na bwana zao kama kawaida. Mupeleke Sifa. Kisu si aibu.

Ninamutumia Soudi mafuta ya mawese ya kumukanda mugongo, na muchele wa huku. Majani hapana.

Salimia wote. Usinune.

Shemeji yako,
Safi


Kigoma, 27 Machi 2024

Dada Safi,

Salaam. Mafuta yamefika, Sifa anakandwa kila asubuhi, anakushukuru.

Lakini sikukuelewa. Wewe Safi binti Bulaimu unanipa habari za kisu? Wewe uliyemcheka Florentin na koti lake? Nikasema labda wamekukataza hata kuandika, basi nikaacha kukusumbua, nikatafuta mwenyewe. Nimepata. Mama mmoja wa Kailo anayeuza madawa huku sokoni ameniuzia. Nimemwonyesha Soudi, amenusa, amesema ndiyo yale yale yaliyokuwa juu ya mafiga yako. Makavu, meusi, yananukia. Yapo ndani ya mtungi juu ya kabati langu.

Kinachokosekana ni kipimo tu. Mkunga wa hapa hajui. Rachida alikunywa kiasi gani? Kitanga kimoja cha mkono? Niandikie upesi, Soudi atakufikia kabla ya Idi. Ukichelewa, nitampa kitanga kimoja, maana nakumbuka ulisema mama yenu alipima kwa kitanga.

Ndugu yako,
Hamadi


Kigoma, 22 Aprili 2024

Dada yangu Safi,

Assalaam aleikum warahmatullahi. Nakuandikia nimekaa nje ya wadi ya wazazi, karatasi ipo juu ya goti.

Ulipiga simu saa sita mchana, nina pini mdomoni. Ulisema maneno sita, nimeyahesabu: "Mwaga majani. Mpeleke hospitali. Leo hii." Nikasema, "Dada, lakini kwa nini?" Ukasema utaniandikia. Kisha nikasikia unalia, simu ikakatika. Miaka yote ninayokujua hujawahi kusema maneno sita ukanyamaza. Hicho ndicho kilichoniogopesha. Nilimwaga mtungi mzima chooni, nikampigia Abdoul, akaja na pikipiki kabla sijamaliza kufunga mlango.

Sifa amepasuliwa Jumatano. Yuko salama. Mtoto ni binti, mkubwa, ana mashavu kama mkate wa mofa. Daktari, mama mmoja mpole wa makamo, alikuja kunieleza mwenyewe. Akaniuliza kama tumempa dawa yoyote ya nyumbani ya kuharakisha. Nikasema hapana. Akasema, "Mshukuru Mungu, mzee. Kwa mtoto huyu na nyonga zile, mji wa mimba ungechanika, usingepata hata mmoja." Nilikaa sakafuni, dada. Akanishika bega. Alikuwa amevaa koti jeupe na sikumwona ubaya.

Mtoto tumemwita Safi. Sifa mwenyewe amesema. Na mimi nimewaambia wote hapa: mkono wa bahati wa shemeji yangu umefika Kigoma kwa simu.

Arobaini ikipita tunakuja Kindu. Miaka ishirini na miwili sijakanyaga huko. Nataka umbebe mjukuu wako kwa mikono ile ile. Kisha nitapita naye mbele ya nyumba ya Florentin, nisimame pale barabarani nimwonyeshe mtoto, bila salamu, mbele ya majirani. Aone kwamba mlango aliotufungia, Mungu amefungua mwingine. Nimelibeba neno hilo muda mrefu, nataka nilitue pale pale kwake.

Ila bado nakudai jibu: kwa nini ulilia?

Ndugu yako,
Hamadi


Kindu, 11 Mei 2024

Hamadi,

Salaam. Nafurahi kwa mutoto, nafurahi kwa Sifa. Asiinue ndoo mpaka arobaini iishe. Kitenge cha tumbo asikikaze juu ya kidonda. Maziwa yakichelewa, anywe uji mwepesi wa moto na amuweke mutoto kwenye titi kila anapolia, asichoke. Haya nayajua vizuri, usiyakatae. Baada ya barua hii utayakataa mengine yote.

Nimeianza mara ine. Kila mara muzaha unaingia wa kwanza, sawa mbuzi anayejua mulango. Leo nimeufunga nje.

Siku ile Rachida alianza uchungu asubuhi. Mpaka saa nane ya mchana mutoto alikuwa hajashuka. Risasi zililia upande wa gare, kule stesheni ya treni, zinakaribia. Rachida akasema, "Yaya, mukubwa wangu, tumuite Florentin." Nikamujibu, "Atakuletea nini, koti?" Akacheka. Na uchungu ule wote, alicheka. Nikaogopa askari watafika kabla ya mutoto, nikataka kuharakisha.

Majani yale mama alinifundisha kupima na kitanga cha mukono. Kitanga kimoja, mabichi, unaponda, unachuja. Sijawahi kutumia makavu maishani mwangu, Hamadi. Miaka yote nilivuka maji nikachuma. Siku ile nilichukua kitanga kimoja cha makavu. Unajua fumbwa, ile mboga ya majani. Mwanamuke yeyote wa Kindu anajua: fumbwa kavu ya kujaza kitanga, ukiitia maji inajaza sufuria. Mimi nimepika fumbwa tangu niko na miaka saba. Nilijua hesabu hiyo jikoni, sikuikumbuka kwenye kikombe. Nilimupa dada yangu vitanga vine, pengine vitano. Akauliza kama ni chungu. Nikasema ziba pua. Akanywa yote kwa sababu ni mimi nilimupa.

Uchungu ulikuja mumoja juu ya mwingine, bila kupumua. Mutoto alitoka sawa muntu aliyesukumwa. Damu ikamufuata na haikusimama. Nilikanda, niliweka nguo, nilisoma kila aya ninayoijua. Kitanga changu, Hamadi. Kile kile unachotaka kibebe mutoto.

Florentin hatukumuita. Hakuna aliyegonga mulango wake. Alisikia sauti mwenyewe, akaja mbio kwa miguu, risasi zinapita juu ya mabati. Alipiga magoti kwenye mukeka wangu. Alibonyeza tumbo la Rachida kwa ngumi mbili, hakuwa na sindano, hakuwa na kitu. Rachida alimushika shati. Alipokwisha, ni Florentin aliyemufunika uso, na ni yeye aliyemufunga kitovu mutoto. Halafu akaniuliza, "Mama Safi, ulimupa nini?" Nikamuonyesha fungu la majani. Akanusa. Akauliza, "Kiasi gani?" Nikafungua kitanga changu. Alinitazama mukono muda murefu.

Wiki ile watu walianza kuuliza. Nikasema Florentin hakufungua. Neno lilinitoka mudomoni kabla sijalipima, sawa yale majani. Likazunguka mutaa. Nilimungojea aje kunipiga. Alikuja jioni, akasimama mulangoni, akasema, "Wanawake wa muji huu leo wako na wewe tu. Wakijua, watazalia peke yao vichakani. Acha jina langu libebe lawama. Lakini majani yale usiyaguse tena mpaka ufe." Niliyachoma mbele yake. Ndipo nikakaa kukuandikia ile barua ya Novemba, na hata wewe nikakudanganya, wewe rafiki yake.

Tangu siku ile kila mwanamuke anayekuja kwangu namushika mukono namupeleka kwake. Watu wanasema, Mama Safi ana moyo, amemusamehe Florentin. Yeye mwenyewe anasikia. Kila asubuhi anapita na kinga, sasa ni muzee, ananiamkia: "Habari ya mikono, Mama Safi?" Namujibu nzuri. Miaka ishirini na moja.

Ulipoandika kwamba Sifa hatapasuliwa kwa sababu ya mulango wa Florentin, nilijua uwongo wangu umevuka ziwa, umekaa nyumbani mwako. Bado nikakuandikia mambo ya nyani na Dubai. Niliogopa utanichukia kuliko nilivyoogopa Sifa kufa. Siku tano nzima nilikaa bila kupiga simu baada ya Soudi kuniletea ile barua ya mutungi. Siku tano, Hamadi. Hesabu mwenyewe.

Barua hii nimemusomea Florentin kabla ya kuifunga. Alivua miwani akaipangusa. Akauliza tu mutoto ana kilo ngapi.

Ukija Kindu, nenda kwake kwanza. Mutoto awekwe mikononi mwake kabla ya yangu. Na kama hutaki kufika kwangu, mimi niko nyumba ya tatu, nitaona kutoka dirishani, itanitosha.

Kuna neno moja limebaki, na hili hata Florentin sikumusomea. Ulinikabidhi Rachida kwa sababu ya barua yangu ya kwanza, ile uliyowasomea mafundi. Niliandika kila mama aliyekaa alisimama. Siku nilipoandika hivyo nilikuwa nimeshazika wawili: muke wa muvuvi wa Alunguli, na Bernadette, binti wa jirani yetu, aliyekuwa na miaka kumi na saba. Niliwajua kwa majina na nikakuandikia bahati. Sikuwa na bahati yoyote, Hamadi. Nilidanganya.

Dada yake Rachida,
Safi